Mlango wa Moyo: Upi Ndio Udumuo?

Tumeletewa suali na ndugu yetu mmoja mkaazi wa Keroka, mji ambao mpaka wa Kisii na Nyamira umeukata kati. Ndugu huyu ni mtu wa Pwani aliyekwenda bara kwa biashara ya nguo, akakaa huko na kuzaa huko. Atwambia ya kwamba binti yake, mwenye umri wa miaka 19, alianza kuchoka na kuhema kwa kazi ndogo. Alipopimwa ikaonekana kuwa mlango mmoja wa moyo wake umekaza na kuharibika kwa sababu ya homa ya baridi yabisi iliyompata utotoni. Madaktari wamesema mlango huo hautengenezeki. Sharti ukatwe na kutiwa mwengine. Wakamwambia kuwa kuna namna mbili: ulioundwa kwa ufundi wa mitambo, na uliotolewa kwa mnyama. Naye atuuliza neno moja tu: je, yafaa kwa Muislamu kutiwa moyoni kipande cha nguruwe?

Tutamjibu, na jawabu yetu haitakuwa na mafumbo. Lakini twapenda ajue tangu mwanzo ya kwamba ameuliza lililo jepesi akaliacha lililo zito. Na si yeye peke yake. Kila mas-ala haya yanapotajwa barazani, watu hushikana kwa nguruwe mpaka adhana ya Isha, wala hasikiki mtu akiuliza: mgonjwa huyu ataishi vipi na mlango huo mwaka wa tano, na wa kumi, na wa ishirini?

Kwanza tueleze kitu chenyewe, kwani haifai kukihukumu kitu kabla ya kukijua. Moyo una milango minne midogo, nayo ndiyo iitwayo vali. Kazi yake ni kuiacha damu ipite mbele na kuizuia isirudi nyuma, na hufunguka na kufungika kiasi cha mara 100,000 kwa siku. Mwaka 1960, huko Marekani, daktari Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards walifanikiwa kumtia mtu vali iliyoundwa na mikono ya wanadamu, akaishi nayo. Ilikuwa ni mpira mdogo ndani ya kizimba cha madini: damu ikisukuma, mpira huondoka, damu ikitaka kurudi, mpira huziba. Baadaye vikaja visahani vinavyoinama, na tangu mwaka 1977 zikaja zenye vipande viwili vifungukavyo kama mbao za dirisha, vilivyofanywa kwa kaboni iliyo ngumu mno. Watu wetu huziita vali za chuma, na jina hilo latosha. Aliyetiwa aweza kuisikia usiku ikigonga kifuani mwake kama saa.

Ama vali za wanyama, hizo zilianza Paris mwaka 1965. Zile za mwanzo ziliharibika upesi, mpaka daktari Alain Carpentier alipoona kuwa zikitiwa katika dawa iitwayo glutaraldehaidi huwa madhubuti, na mwili hauzikatai. Msomaji azingatie jambo hili, kwani dawa hiyo ndiyo hiyo wanayotumia watengenezaji wa ngozi viwandani. Yaani vali hudabighiwa kama ngozi ya kiatu. Na si zote zatokana na nguruwe. Mwaka 1971, mjini Leeds katika Uingereza, daktari Marian Ionescu alianza kutumia vali zilizoshonwa kwa ule utando unaoufunika moyo wa ng'ombe, na hizo leo zimeenea sana.

Sasa hukumu. Swahaba Arfaja bin As'ad, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahili. Akajifanyia pua ya fedha, nayo ikaoza na kutoa harufu. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamrisha atie pua ya dhahabu. Hadithi hii imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Nasi twajua ya kwamba dhahabu ni haramu kwa mwanamume. Basi hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, kiungo kilichoharibika chaweza kubadilishwa kwa kitu kisichokuwa cha mwili. La pili, ambalo wengi hulipita bila ya kulitazama, ni kuwa kitu hicho kilichaguliwa kwa namna kitakavyodumu katika mwili wa mtu mwenyewe. Fedha ilikuwa halali zaidi, lakini haikukaa.

Na Imam Nawawi katika Minhaj ametaja mtu aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi: ikiwa hakupata kilicho tohara, mtu huyo ana udhuru, na ikiwa alipata akakiacha, yampasa kukiondoa, ila akichelea madhara, na akifa, kauli iliyo sahihi ni kuwa hakiondolewi. Maneno haya yaliandikwa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kufikiri kuufungua moyo, nayo yatutosha kama kwamba yaliandikiwa suali hili.

Wako wanaosema kuwa vali ya nguruwe imekwisha kugeuka dhati yake kwa dawa, na kitu najisi kikigeuka huwa tohara. Kauli ya kugeuka ina watu wake, hasa Mahanafi, na mkutano wa maulamaa na matabibu uliofanyika Kuwait mwaka 1995 uliishika katika mambo ya dawa na vyakula. Sisi hatuoni kuwa hapa yatulazimu. Vali ya nguruwe iliyotiwa dawa, ukiitazama, bado ni vali ya nguruwe; na katika madh-habi ya Imam Shafi, kudabighi kwatoharisha ngozi ya kila mnyama isipokuwa mbwa na nguruwe na kizazi chao. Twaona mlango wa dharura u wazi zaidi kuliko mlango wa kugeuka, na aya ya 173 ya Sura ya Al-Baqara yajulikana na kila aliyesoma chuoni.

Lakini dharura hupimwa kwa kadiri yake. Maadamu vali ya ng'ombe yapatikana, na daktari aona kuwa yamfaa mgonjwa, haifai kuiacha na kushika ya nguruwe. Hata kama ng'ombe huyo hakuchinjwa kwa shari'a, utando wake umekwisha kudabighiwa. Ikiwa haipatikani, au daktari muaminifu asema kuwa ile nyengine ndiyo itakayomponya, basi na atiwe, wala hapana lawama, na Sala yake ni sahihi. Na aliyekwisha kutiwa miaka iliyopita bila ya kuulizwa, asijitie wasiwasi, wala asithubutu kufikiri kuitoa. Na vali ya chuma haina shub-ha yoyote.

Hiyo ndiyo jawabu ya suali aliloliuliza. Na hapa ndipo wengi humaliza mazungumzo: kwa kuwa ya chuma haina shub-ha, nayo hudumu zaidi, basi atiwe ya chuma. Rai hii twaiona ni ya haraka.

Ni kweli ya kwamba vali ya chuma hudumu. Aghlabu hukaa miaka 20 na 30 na zaidi bila ya kuharibika, ijapokuwa nayo si kitu kisichovunjika: namna moja ya vali ya Björk-Shiley, iliyotiwa watu kiasi cha 86,000 duniani, iliondolewa sokoni mwaka 1986 baada ya vyuma vyake kukatika ndani ya mioyo ya watu na wengine wakafa. Na vali ya mnyama huchakaa. Kwa mzee wa miaka 70 yaweza kukaa miaka 15 au zaidi, naye akaondoka duniani nayo ikiwa nzima. Kwa kijana huchakaa upesi, kwa kuwa chokaa hujikusanya haraka zaidi katika mwili wa kijana. Miaka kumi na kitu, pengine hata kumi haitimii. Kisha kifua hufunguliwa mara ya pili, na ya pili ni hatari kuliko ya kwanza. Katika nchi za matajiri siku hizi waweza kupitisha vali mpya kwa mshipa na kuiweka ndani ya ile kuukuu bila ya kupasua kifua, lakini mwenzetu wa Keroka asijenge nyumba yake juu ya msingi huo.

Basi kwa hesabu ya miaka, chuma kimeshinda. Lakini damu ikipita juu ya kitu hicho hutaka kuganda. Ikiganda, vali hukwama, au pande la damu huruka likaenda kwenye ubongo, mtu akapatwa na kiharusi. Kwa hivyo kila aliyetiwa vali ya chuma ni lazima ameze dawa ya kuizuia damu isigande, kila siku, mpaka kufa kwake. Dawa hiyo ni warfarini. Asili yake ni majani yaliyooza yaliyowafanya ng'ombe wa Marekani kuvuja damu. Mwaka 1948 ikauzwa kuwa sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya watu. Ikizidi, mtu huvuja damu ndani. Ikipungua, damu huganda. Baina ya mambo hayo mawili pana njia nyembamba, nayo hujulikana kwa kupima damu kwa kipimo kiitwacho INR. Mtu mzima asiyetumia dawa huwa na 1; mwenye vali ya chuma katika mlango ule ulioharibika kwa binti huyu hutakiwa awe baina ya 2.5 na 3.5. Kupima huku ni kwa kila wiki mwanzoni, kisha kila mwezi au karibu na hapo, umri wote. Dawa mpya zisizohitaji kupimwa zilijaribiwa kwa watu wenye vali za chuma, na majaribio hayo yalisimamishwa, moja mwaka 2012 na jengine mwaka 2022, kwa kuwa watu walidhurika.

Sasa tuutazame mji wa Keroka. Dawa hii hubadilishwa nguvu na chakula, hasa mboga za majani. Nani asiyejua kuwa Wakisii ni watu wa chinsaga na managu, na sukuma wiki kila jikoni? Si kwamba mboga ni haramu kwake. Sharti ale kwa kadiri moja, wiki hii kama wiki ile. Lakini mwezi wa mvua mboga ni tele, na mwezi wa kiangazi ni adimu, na kadiri ya damu hufuata. Dawa nyingi za kawaida nazo huivuruga, na aspirini iliyonunuliwa dukani kwa maumivu ya kichwa yaweza kumwaga damu. Hospitali kubwa ya Kisii i kilomita kama 25 kutoka Keroka. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1937 na ambayo leo hupasua mioyo, iko Bomet, njia ya Sotik. (Kwa wale watakaosema haifai kutibiwa huko: Mtume katika Hijra alimkodi Abdallah bin Uraiqit kuwa kiongozi wa njia, na mtu huyo hakuwa Muislamu. Kilichotakiwa kwake ni ujuzi na uaminifu.) Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka moto, watu wakahama na njia zikafungwa. Mwenye vali ya mnyama aliweza kukaa nyumbani akasubiri amani. Mwenye vali ya chuma aliyeishiwa na vidonge hakuwa na siku nyingi za kusubiri.

Na juu ya yote, mgonjwa wetu ni mwanamke wa miaka 19. Warfarini hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto tumboni, na yaweza kumharibu viungo vyake, hasa baina ya wiki ya 6 na ya 12, ambapo pengine mama hajajua bado kuwa ana mimba. Akiiacha na kudungwa sindano za heparini, mtoto husalimika zaidi lakini vali ya mama huwa katika hatari ya kuziba. Hesabu iliyokusanywa kutoka nchi nyingi na kutolewa mwaka 2015 ilionyesha kuwa katika wanawake 212 wenye vali za chuma, ni 58 tu katika kila 100 waliojifungua mtoto hai pasipo na balaa kubwa. Na katika 134 wenye vali za wanyama walikuwa 79 katika kila 100. Yule baba hakututajia neno la uzazi katika barua yake. Hatumlaumu, pengine ni haya. Lakini haya isije ikawa ndiyo inayochagua vali.

Wako wasomi watakaotuletea majaribio makubwa. Twayajua. Katika jaribio la hospitali za askari wastaafu wa Marekani, lililoanza mwaka 1977 na kutolewa matokeo ya miaka 15 katika mwaka 2000, vali za nguruwe ndizo zilizochakaa, na vali za chuma ndizo zilizowavujisha watu damu. Kwa waliobadilishwa vali kama ya binti huyu, idadi ya waliokufa haikutofautiana kwa vali hii wala ile. Lakini waliopimwa walikuwa wanaume 575, wala hapakuwa na mwanamke hata mmoja, na kila mmoja alikuwa na zahanati ya kumpima damu. Mizani hiyo ni ya kweli, lakini haikutengenezewa kupima maisha ya msichana wa Keroka.

Basi neno letu ni hili. Kudumu kwa vali si sifa ya vali peke yake. Vali ya chuma iliyo kifuani mwa mtu apimwaye kila mwezi yadumu miaka 30. Vali hiyo hiyo kifuani mwa mtu asiyepimwa yaweza isidumu mwaka. Ile iitwayo ya kudumu imeuhamisha uchakavu wake, ikautia katika vidonge, na nauli, na njia, na subira ya mgonjwa. Na ile ichakaayo yamwacha mtu huru kwa miaka kumi, kisha yamdai deni lake kwa pamoja. Mwenye kuchagua hachagui baina ya kilicho bora na kilicho duni. Achagua ni mzigo upi atakaoweza kuuchukua.

Kwa hivyo hapana ajuaye jawabu hii kwa niaba ya mwengine. Mzazi ametuandikia sisi, madaktari wamesema na mzazi, na ami zake bila ya shaka wana rai zao. Binti huyu ni baleghe mwenye akili. Sala ni juu yake, saumu ni juu yake, na hesabu yake mbele ya Mola wake ni yake. Vipi basi moyo wake usiwe wake? Na aelezwe yote haya kwa maneno mepesi, ya dawa na ya mimba na ya kupasuliwa mara ya pili, kisha aulizwe. Akisema, “Nataka kuzaa kwanza, na upasuaji wa pili nitaukabili,” neno hilo ni la akili. Na akisema, “Siwezi kupasuliwa mara mbili, nitameza dawa,” nalo ni la akili. Atakayemposa naye aambiwe khabari hii kabla ya nikahi, wala isifichwe.

Lakini akichagua chuma, hapo jambo laacha kuwa lake peke yake. Twaona watu wetu, wa Pwani na wa bara, wakiitwa kuchangia upasuaji, hutoa. Mchango hufanywa, majina husomwa, fedha hutimia. Mgonjwa akirudi na kovu kifuani watu husema alhamdulillah, kisha hutawanyika. Mwaka wa tatu huyo mgonjwa humeza kidonge siku moja na kuacha siku mbili ili kisimalizike, na kupima damu amekwisha kuacha kwa kukosa nauli. Hapana aliyemchangia nauli. Siku akianguka kwa kiharusi tutasema ni kadari ya Mungu, na ni kadari. Lakini sisi tulikuwa wapi? Wazee wetu waliweka wakfu visima, na mafuta ya taa za misikiti, na mnazi mmoja mmoja kwa ajili ya futari. Shamba dogo, au chumba kimoja cha duka, kodi yake itolewe wakfu kwa vidonge na vipimo vya wagonjwa wa moyo wa mji: twauliza ni nini kizuiacho? Na mgonjwa aliye fakiri ana haki katika Zaka kwa ufakiri wake, mwaka baada ya mwaka, si mwaka wa upasuaji tu. Tusiitegemee SHA peke yake, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, wala tusiiache. Kila mmoja na ajiandikishe.

Na wenye watoto wadogo wasikie: ugonjwa huu wote ulianza na koo. Mtoto huumwa koo, hupata homa, viungo vikamvimba, watu wakasema ni kukua. Koo lenye vijidudu hivyo hutibika kwa penisilini ya bei ndogo, na mtoto aliyekwisha kupata homa ile hudungwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, ili moyo wake usizidi kuharibika. Sindano hiyo huuma, na akina mama huwahurumia watoto wakaiacha.

Limebaki moja ambalo ndugu yetu aliliandika pembeni mwa barua, nalo ni saumu. Warfarini humezwa mara moja kwa siku, na wengi huimeza usiku, basi kwa dawa hiyo peke yake hapana lizuialo kufunga. Ila chakula cha Ramadhani si chakula cha miezi mengine, na damu itabadilika; apimwe kabla ya mwezi kuandama na tena katikati yake. Daktari akimkataza, asifunge, na atoe kibaba kwa kila siku ikiwa ugonjwa wake hautarajiwi kuondoka; na ikiwa ni katazo la mwaka huu tu kwa ajili ya kidonda cha upasuaji, atalipa siku hizo atakapopona.